Kadi Isifutwe Mpaka Picha Zihesabiwe

  Leo hatuongelei chakula wala vitambulisho. Tunaongelea kadi ya memori, kile kidude kidogo kinachoingia ndani ya kamera na kubeba picha zetu zote, na safari yake fupi ya kutoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta. Ni safari ya dakika kumi tu, lakini hapo ndipo picha nyingi zinapotelea.

Msimamo wetu tunausema mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nao. Kadi ya memori isifutwe, hata picha moja, mpaka picha zote ziwe zimekopiwa mahali pawili tofauti, zimefunguliwa na kuonekana, na zimehesabiwa. Awe ni mjitolea mwenye kamera ya kuazima, awe ni mfanyakazi wa shirika mwenye kamera ya bei kali, sheria iwe moja. Na mashirika yanayotupa kazi ya kupiga picha yatupe pia vifaa vya kuifuata sheria hiyo.

Kuna mtu atasema: jamani, wakimbizi wana shida ngapi, ninyi mnaandika juu ya kadi? Tunamwelewa. Ila tunamwomba afikirie kidogo. Mtu aliyekaa nyumba moja tangu azaliwe, picha ikipotea anasikitika siku mbili, halafu anaenda kwa shangazi yake kufungua albamu nyingine. Sisi wengi wetu albamu zilibaki Uvira, Bukavu, Fizi, Minembwe, Goma. Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, makumi ya maelfu ya watu walivuka Rusizi kuingia Cibitoke, na wengi walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Baadaye wengine walipelekwa Musenyi, kule Rutana. Mtu anayevuka mto na mtoto mgongoni habebi albamu. Anabeba sufuria, blanketi, na karatasi za shule kama amebahatika.

Kwa hiyo picha anazopigwa hapa Burundi ni za kwanza za maisha yake mapya, na mara nyingi hana zingine. Ubatizo, mtoto akimaliza darasa, bibi akiwa bado na nguvu. Bibi akifariki, ile picha ya mafunzo ya ushonaji ambayo alisimama nyuma kabisa ndiyo familia inakuja kuulizia. “Ile foto mulitupiga, iko wapi?” Kila mjitolea aliyewahi kushika kamera kambini analijua swali hilo.

Na tusisahau kwamba picha imewahi kurudisha watoto nyumbani. Baada ya 1994, kwenye kambi za wakimbizi wa Rwanda karibu na Goma na Bukavu, mashirika yalipiga picha za maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Kila mtoto alikuwa na namba yake, na picha zilibandikwa kwenye mbao ili wazazi wapite, watazame, wamtambue wao. Wakati ule ilikuwa karatasi. Lakini ona vile kazi ilivyosimama: picha peke yake haitoshi, lazima kuwe na namba na daftari linalosema namba hiyo ni ya nani. Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha nazo ni mali.

Tuanze na kadi yenyewe, maana watu wengi wanaitumia bila kujua ndani kuna nini. Aina ya kumbukumbu iliyomo inaitwa flashi, na aliyeibuni ni Mjapani Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba, miaka ya 1980. Kadi za SD tunazozijua zilitangazwa mwaka 1999 na kampuni tatu: Toshiba, SanDisk na Matsushita, ile yenye jina la Panasonic. Ndani hakuna kitu kinachozunguka. Kuna vyumba vidogo sana vinavyofungia chaji ya umeme, na mpangilio wa chaji hizo ndio picha yako. Chaji hiyo inavuja pole pole miaka ikipita, na kila chumba kinachoka kikiandikwa na kufutwa mara nyingi. Ndiyo maana tunasema kadi sio kabati. Ni kama kikapu cha kutoka nacho sokoni: unabeba mboga hadi nyumbani, unazitoa, unakirudisha kazini. Mtu anayeacha picha za miaka mitatu ndani ya kadi moja ameacha mboga kikapuni.

Kitu cha pili cha kujua: kadi ina orodha yake, kama daftari la shule lenye majina ya wanafunzi. Ukifuta picha, kamera haiingii darasani kumtoa mwanafunzi. Inafuta jina lake tu kwenye daftari. Picha inabaki pale pale mpaka picha mpya ije ikalie kiti chake. Jambo hili lina faida na hatari, na tutalirudia mbele.

Sasa picha zinapotelea wapi? Sisi tunaona ni sehemu nne.

Ya kwanza ni pale mtu anapokata badala ya kukopi. Mashini nyingi hapa Bujumbura ziko kwa Kifaransa, na ukibonyeza kitufe cha kulia unaletewa “Couper” na “Copier”, maneno yanayofanana kama mapacha. Kwenye kibodi, herufi X ya kukata na C ya kukopi zimekaa jirani. Ukikata, mashini inahamisha picha na kuzifuta kwenye kadi kabla wewe hujafungua hata moja kuona kama imefika nzima. Ukikopi, kadi inabaki na zake. Umeme ukikatika katikati ya kukopi, umepoteza dakika tano za kazi. Ukikatika katikati ya kukata, kuna picha ambazo mashini imekwisha zifuta kwenye kadi, na kama hazikumaliza kuandikwa upande wa pili hutazipata popote.

Ya pili ni kuchomoa kwa haraka. Mstari wa kijani umefika mwisho, mtu anachomoa. Kumbe mashini wakati mwingine inasema imemaliza huku bado inaandika kichinichini, hasa unapokopi kwenda kwenye flashi au diski ya nje. Ndiyo sababu kuna neno “Éjecter”. Sio pambo. Ukilibonyeza, mashini inamaliza kuandika, inafunga daftari lake, halafu inakuambia toa.

Ya tatu ni majina. Kamera zinaita picha kwa namba nne: IMG_0001, IMG_0002, au DSC_0001, na ikifika 9999 inarudi mwanzo. Kamera nyingine ukiiwekea kadi mpya inaanza tena moja. Kwa hiyo picha IMG_0034 ya mpira wa Jumamosi na IMG_0034 ya harusi ya Jumapili ni picha mbili zenye jina moja. Ukizimwaga kwenye folda moja, mashini itakuuliza kama ibadilishe ya zamani kwa mpya. Mtu mwenye haraka anakubali. Mpira umekwenda.

Ya nne ni kufuta jioni ile ile “ili kadi iwe tayari kwa kesho”. Hapo ndipo sheria yetu inaposimama mlangoni.

Njia tunayoipendekeza ni hii, na haihitaji diploma.

Kabla ya kutoa kadi, zima kamera na usubiri kataa kake kazimike. Taa hiyo ikiwaka, kamera bado inaandika. Toa kadi, tazama ubavuni: kadi kubwa za SD zina kiswichi kidogo upande wa kushoto chenye neno LOCK. Kisukume kwenye kufunga. Sasa mashini itasoma kadi lakini haitaandika wala kufuta kitu. Kiswichi hicho hakigharimu chochote, na watu wengi wamepiga picha miaka bila kujua kazi yake. Kadi ndogo za microSD hazina kiswichi, ila ukiziweka ndani ya adapta kubwa, adapta inacho. Ukirudisha kadi kwenye kamera, kumbuka kukifungua, la sivyo kamera itakataa kupiga.

Tumia kidude cha kusomea kadi kama kipo, kuliko waya wa kamera. Kwa waya, betri ya kamera ikiisha katikati ya safari, safari imekatika. Na kama mashini ni ya kubebeka, ichaji kwanza. Saa ya umeme ikikatika, betri ndiyo itakayomalizia kazi.

Tengeneza folda mpya kwa kila siku na kila kadi. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha tarehe, halafu mahali na kazi: 2025-06-20 Kinanira Siku ya Wakimbizi. Ukianza na mwaka, mashini inazipanga yenyewe kwa mfuatano. Ukiandika “picha mpya” na kesho “picha mpya 2”, baada ya miezi sita hata wewe hutajua. Ndani ya kadi tafuta folda inayoitwa DCIM, ikopi yote kama ilivyo. Usichague nzuri kwanza. Kuchagua ni kazi ya baadaye, kwenye kompyuta, ukiwa umekunywa chai.

Ikimaliza, hesabu. Bonyeza kulia kwenye folda ya kadi, fungua sehemu ya sifa zake, uone idadi ya mafaili na uzito wake. Fanya hivo hivo kwa folda ya kompyuta. Kama kadi ina 312, kompyuta iwe na 312, na uzito ulingane. Halafu fungua. Weka picha zionekane kwa ukubwa, zipitishe haraka, tafuta zenye rangi ya kijivu au zilizokatika nusu. Fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho hadi zijae kioo. Kama kuna video, icheze mwisho wake, sio mwanzo tu.

Kisha kopi ya pili: diski ya nje au flashi nzuri, na hesabu tena. Andika kwenye daftari: tarehe, kadi namba ngapi, picha ngapi, zimewekwa wapi, nani amekopi. Hapo ndipo kadi inaweza kufutwa, na tunashauri isifutwe siku hiyo hiyo. Ipumzike mfukoni mpaka itakapohitajika. Siku ya kuitumia, ifomati ndani ya kamera itakayopigia, maana kamera inaipanga kadi vile yenyewe inavyotaka.

Kazi yote hiyo ni nusu saa. Haraka haraka haina baraka, na kwenye kadi utaiona faida ya kutulia.

Kuna watakaosema: “Mnajisumbua, tuma tu ku WhatsApp, itatosha.” Hapana, haitoshi. WhatsApp ikituma picha kama picha, inaipunguza ili isile bando. Kwenye simu inaonekana safi, lakini ukienda kuichapa kwa ukubwa wa ukuta, uso wa mtu umekuwa matofali. Tena inaondoa maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, kama saa na tarehe ya kupiga. Ukitaka ifike nzima, itume kama dokumenti. Na hata hivyo, picha iliyo ndani ya kundi la watu 200 haina mwenye kuilinda. Simu zinaibiwa, zinajaa, zinafutwa. WhatsApp ni ya kushirikiana, haijawekwa kwa ajili ya kuhifadhi.

Sasa tuje kwa jambo zito zaidi, ambalo vijana wenzetu wanalichukulia kirahisi. Kuhamisha picha salama sio kulinda faili tu. Ni kulinda watu walio ndani ya faili.

Kati yetu kuna watu waliokimbia kwa sababu kuna mtu alikuwa anawatafuta. Kuna dada ambaye mume aliyempiga hajui yuko kata gani. Kuna kijana aliyetoroka kundi la silaha. Sura yake ikiwa imesimama mbele ya kibao chenye jina la kambi, hiyo ni anwani. UNHCR yenyewe ilitoa sera ya kulinda taarifa binafsi za watu inaowahudumia mwaka 2015, na wafanyakazi wengi wa mashirika wanafundishwa juu ya fomu na majina. Lakini picha? Picha za watu hao hao tunaziona zikipita kwenye kompyuta za siberi kama karatasi za matangazo.

Kwa hiyo tunasema: mashini ya siberi isiwe nyumba ya picha zetu. Kama hakuna njia nyingine, funga kiswichi cha kadi, chomeka kadi na diski yako ya nje pamoja, kopi moja kwa moja kutoka kadi kwenda diski bila kuweka kitu kwenye mashini yenyewe. Ukikopi kwenye mezani ya mashini halafu ukafuta, zimeenda “Corbeille” tu, na yeyote atakayekaa baada yako anazirudisha kwa kubonyeza mara mbili. Hata ukimwaga Corbeille, kumbuka tulichosema juu ya daftari la majina: mwanafunzi bado yuko darasani.

Siberi ina ugonjwa wake pia. Kuna virusi vinavyoingia kwenye flashi, vinaficha folda zako zote na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Mtu akiona hivo anaogopa, anafomati flashi. Usifomati. Mara nyingi picha zipo, zimefichwa tu. Mpelekee mtu mwenye antivirusi na anayejua kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Na kadi iliyofungwa kiswichi virusi haviwezi kuiandika, ndiyo faida nyingine.

Na simu, ndugu zetu. Simu nyingi zikiwashwa mahali, zinaandika ndani ya picha namba za ramani za pale ulipopigia. Ukiituma kama dokumenti, namba hizo zinasafiri nayo. Kabla ya kupiga picha nyumbani kwa mtu, zima sehemu ya mahali kwenye kamera ya simu. Ni jambo la sekunde kumi.

Kuna wanaouliza: kwa nini mahali pawili? Diski moja nzuri si inatosha? Tuwakumbushe kitu kila mtu wa Bujumbura anakijua. Tarehe 27 Januari 2013, Jumapili asubuhi, soko kuu la mji liliungua. Wafanyabiashara waliokuwa na bidhaa zao zote, daftari za madeni na pesa ndani ya soko, walipoteza vyote siku moja. Mwenye sehemu ya mali nyumbani au kwenye duka lingine alikuwa na pa kuanzia. Moto haukuuliza nani alikuwa na kufuli kubwa. Na kopi mbili za picha ndani ya begi moja ni kama kopi moja, maana mwizi anachukua begi lote.

Wapiga picha wanaofanya kazi hii kwa mshahara wana kanuni wanayoiita tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh: kopi tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mahali pengine kabisa. Sisi tumeanza na mbili kwa sababu tunajua hali yetu. Anayeweza tatu, afanye tatu. Moja ikae ofisini, moja ikae kwa kiongozi wa kikundi, na ikiwa intaneti inaruhusu, zile muhimu zaidi ziende kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye nywila nzuri.

Na kwa nini tunasisitiza kufungua? Sikilizeni ya watu wakubwa. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ilikuwa inatengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu mmoja aliandika amri ya kufuta mahali pasipofaa, na kazi ya watu wengi ikaanza kupotea mbele ya macho yao. Wakakimbilia kopi za akiba. Kumbe zilikuwa mbovu, na hakuna aliyekuwa amezikagua. Walichookolea ni kopi iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, mama mwenye mtoto mchanga aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani. Kampuni yenye pesa zote hizo ilisaidiwa na kompyuta ya nyumbani. Somo ni mbili: kopi isiyofunguliwa ni matumaini tu, na kopi iliyo mahali pengine ndiyo inayookoa.

Na ikitokea picha zimefutwa? Kwanza acha kila kitu. Toa kadi kwenye kamera, usipige hata moja zaidi. Faida ya lile daftari la majina ni hapa: majina yamefutwa, wanafunzi bado wamekaa, ila kila picha mpya utakayopiga inamtoa mmoja. Funga kiswichi. Tafuta mtu mwenye kompyuta yenye programu ya kurudisha mafaili. Kuna ya bure inaitwa PhotoRec, inafanya kazi hata kwenye mashini za zamani. Muhimu: picha zinazorudishwa ziandikwe kwenye diski nyingine, kamwe sio kwenye kadi ile ile. Zitarudi na majina ya ajabu ajabu, lakini sura zitakuwepo. Na kabla ya kuogopa, jihadhari pia na kadi feki za barabarani, zenye kuandikwa 128 GB na ndani hazifiki hata robo. Zinapokea picha, zinatabasamu, halafu picha hazifunguki. Kadi mpya ijaze kwanza na mafaili yasiyo na maana, yafungue, ndipo uiamini kwa harusi ya mtu.

Tumewasikia wanaosema vifaa hatuna. Ni kweli. Kikundi cha vijana kikiwa na kamera moja na kadi moja, na kesho kuna shughuli nyingine, kadi itafutwa usiku huu, sheria au sio sheria. Ndiyo maana sehemu hii tunaisema kwa wakubwa wetu wa mashirika, kwa heshima yote.

Mnapotuma vijana kupiga picha za mradi, mnatoa kamera, fulana na kofia. Jioni mnaomba picha kumi za ripoti. Zile kumi zinaenda Bujumbura, Nairobi, Geneva. Zile 300 zilizobaki zinakaa kwenye kadi mpaka zifutwe, au kwenye kompyuta ya mfanyakazi ambaye mkataba wake unaisha Desemba. Tunaomba mambo matatu. Moja: kila kamera ije na kadi mbili na diski moja ya nje, ndani ya bajeti ile ile, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kamera. Mbili: kuwe na daftari la makabidhiano, picha ngapi, kwa nani, na siku ya kufuta zile zisizotakiwa kubaki, kwa sababu usalama ni pamoja na kufuta kwa mpango. Tatu: mtu aliyepigwa apate picha yake. Hata kwenye karatasi. Mnamwomba sahihi ya ruhusa, basi arudishiwe kitu mkononi.

Kuna mfanyakazi mmoja wa shirika aliwahi kutuambia kwamba wakimbizi hawana shida na faili za picha, wana shida na picha. Tunakubali nusu yake. Mama hahitaji kujua DCIM ni nini. Lakini picha yake itamfikia tu kama kuna kijana aliyehesabu mafaili saa mbili usiku badala ya kwenda kulala. Kazi hiyo haionekani na haipigwi picha. Ndiyo tunayoitetea hapa.

Kwa vijana wenzetu wa Kinanira, tunapendekeza tuanze wiki hii bila kungoja mtu. Kila mwenye kadi yenye picha za kikundi aje nayo Jumamosi, tutafute mashini moja safi na diski moja, tukopi, tuhesabu, tuandike kwenye daftari. Atakayekuwa mjuzi amfundishe dada au mdogo wake kushika kiswichi na kutofautisha “Couper” na “Copier”. Na yule bibi wa ushonaji aliyesimama nyuma kabisa, picha yake tuitafute sasa, angali hai, tumpelekee.